Tembo wa Margarete: historia ya pambo dogo la Krismasi

Jamani, Desemba imeingia. Hapa Dar jua ni lile lile la kukaushia dagaa, lakini madukani pamba imeshatandazwa juu ya miti ya plastiki ili ifanane na theluji, na yule mzee wa ndevu nyeupe anavuja jasho ndani ya koti lake jekundu. Kila msimu huu hakosekani mtu wa kuandika gazetini kwamba tunaiga mambo ya Wazungu. Leo sitaki kuingia kwenye ugomvi huo. Nataka kuzungumzia pambo moja tu, dogo, linaloenea kiganjani: tembo wa felti. Ukiifuatilia historia yake utafika kwenye mji mdogo wa Ujerumani, mbele ya cherehani ya mwanamke asiyeweza kutembea. Halafu, usishangae, utashuka melini Mombasa.

Tuanze na kitambaa chenyewe, maana si kila mtu anakijua kwa jina. Vitambaa vingi tunavyovaa vimefumwa: kuna mtande na kuna mshindio, uzi unapita juu na chini ya mwingine. Felti haina mtande wala mshindio. Unachukua sufu ya kondoo, unailowesha kwa maji ya moto na sabuni, unaifikicha na kuikandamiza. Kila unywele wa sufu una magamba madogo mno, huyaoni kwa macho, na yakishashikana hayaachiani tena. Ukikausha unapata kitambaa kizito, laini, kisicho na uzi wa kuvuta. Umewahi kukishika hata kama hukujua: kofia nyingi za pama za wazee zilikuwa za felti, na zile kalamu za kuandikia mabango zamani ncha zake zilikuwa za felti hiyo hiyo.

Ufundi huu ni wa kale sana. Wafugaji wa nyika za Asia ya Kati wameishi ndani ya mahema ya felti kwa karne nyingi. Kwenye makaburi ya Pazyryk, katika milima ya Altai huko Siberia, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabatamaji yaliyoshonwa kwa felti na kujazwa ndani, yakiwa yamehifadhiwa na barafu kwa zaidi ya miaka 2,000. Kwa hiyo binadamu kushona mnyama wa felti kwa ajili ya kupamba tu si jambo la jana.

Kwa mshonaji wa nyumbani, felti ina sifa moja inayozidi zote: ukiikata haifumuki. Khanga usipoipinda upindo, ukiifua mara tatu tu nyuzi zinaning'inia pembeni. Felti unakata umbo lolote unalotaka, sikio, mkonga, nyota, na kazi ya ukingo imekwisha. Huhitaji pindo wala fundi. Kumbukeni sifa hiyo, kwa sababu ndiyo iliyomwezesha mtu mwenye mkono mmoja wenye nguvu kuanzisha kiwanda.

Mtu huyo ni Margarete Steiff. Alizaliwa tarehe 24 Julai 1847 katika mji wa Giengen, kando ya mto Brenz, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mjenzi. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa kali, na homa ilipoondoka iliondoka na miguu yake. Mkono wa kulia nao ukabaki dhaifu na wenye maumivu. Baadaye ilifahamika kwamba ulikuwa ugonjwa wa polio. Chanjo ya polio ilikuja mwaka 1955, zaidi ya miaka 100 baada ya homa ile, kwa hiyo hapakuwa na la kufanya.

Wazazi walifanya kile ambacho mzazi yeyote wa Kariakoo au Sumbawanga angefanya: walizunguka naye kwa waganga. Mwaka 1856, akiwa na umri wa miaka 9, alipelekwa kwa daktari Ludwigsburg, kisha kwenye maji ya tiba ya Wildbad. Hakupona. Shuleni alikuwa akivutwa kwenye kigari, ndugu zake na watoto wa jirani wakipokezana. Akajifunza kushona, polepole, kwa maumivu, huku wengi wakiona kwamba kazi ile haimfai.

Yeye na dada zake wakaanza kushonea watu nguo. Inasimuliwa kwamba cherehani waliyonunua ilikuwa ya kwanza kuonekana Giengen. Sasa wewe unayezijua cherehani za mkono unajua gurudumu linakaa upande gani: kulia. Mkono wa kulia wa Margarete haukuwa na nguvu ya kulizungusha. Alichofanya ni kuigeuza cherehani kinyumenyume, nyuma ikawa mbele, gurudumu likaja kushoto. Akaanza kushona.

Naomba msomaji utulie hapo kidogo. Kwa miaka mingi watu wote walikuwa wakijaribu kumgeuza yeye, miguu yake, mkono wake, ili afanane na wengine. Haikuwezekana. Siku alipoigeuza cherehani, maisha yakaanza kwenda. Mimi naona hapo ndipo penye kiini cha historia hii, hata kuliko kwa huyo tembo mwenyewe.

Mwaka 1877 Margarete alifungua biashara ya nguo za felti zilizo tayari. Giengen kulikuwa na kiwanda cha felti ya sufu cha familia ya Hähnle, ambao walikuwa jamaa zake upande wa mama, kwa hiyo kitambaa kilikuwa mlangoni. Nguo zilizotoka sana ni magagulo ya felti, maana baridi ya kule si ya mchezo. Akaajiri washonaji, na akawa na duka lake.

Sasa fikiria Desemba ya huko. Giza linaingia saa kumi na moja jioni au kabla, nje ni barafu, watu wako ndani karibu na jiko. Ndio msimu wa kazi za mikono. Nyumba za matajiri zilianza kununua mapambo ya vioo, lakini nyumba za kawaida mti wa Krismasi ulipambwa kwa tufaha, karanga za ganda gumu, mabua na vitu vilivyokatwa na kushonwa nyumbani. Magazeti ya akina mama yalikuwa yakichapisha vielelezo vya kushonea, kama magazeti ya sasa yanavyochapisha mapishi ya Idi.

Katika gazeti la mitindo la Modenwelt la tarehe 8 Desemba 1879, Margarete aliona kielelezo cha tembo mdogo. Akamshona kwa felti, akamjaza sufu. Alikusudia awe mto mdogo wa kuchomekea sindano na pini, zawadi kwa ndugu na marafiki. Lakini watoto walipowaona wale tembo hawakuwa na habari ya pini. Waliwachukua kuwachezea. Enzi hizo mwanasesere wa mtoto alikuwa wa mbao, bati au kauri: ukimwangusha anapasuka, ukimlalia anakuchoma. Huyu ulikuwa unaweza kulala naye.

Mdogo wake Fritz akachukua tembo wengine kuwajaribu sokoni Heidenheim, mji wa jirani. Wakanunuliwa. Mwaka 1886, mwaka ambao Uingereza na Ujerumani zilikaa mezani na kugawana bara la Afrika Mashariki kama mkate, tembo wa Margarete waliouzwa walizidi 5,000. Baadaye wakaja punda, farasi, ngamia, nguruwe. Mwaka 1893 kampuni ikaandikishwa rasmi kwa jina lake yeye mwenyewe, kama kiwanda cha wanasesere wa felti.

Hapa lazima niseme neno la kwetu, la sivyo nitakuwa nimeandika hadithi ya Wajerumani peke yao. Wakati watoto wa Giengen wanalala na tembo wa sufu, tembo wa nyama na damu walikuwa wanaisha huku. Unguja ya Sultani Barghash ilikuwa soko kubwa kabisa la pembe za ndovu. Misafara ilitoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, wapagazi wakiwa na pembe mabegani, na kutoka hapo majahazi na meli yakamalizia safari. Huko ng'ambo pembe ziligeuzwa vitana, vipini vya visu, mipira ya biliadi na, zaidi ya yote, funguo za piano. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, kuna kijiji kinaitwa Ivoryton, maana yake mji wa pembe, kilichopewa jina hilo kwa sababu ya kazi ya kukata pembe, nyingi kati ya hizo zikitoka Zanzibar.

Na tazama jinsi mambo yanavyokutana. Ndani ya piano moja ya wakati ule, kidole cha mpigaji kiligusa pembe ya ndovu wa Afrika, na ile nyundo ndogo iliyogonga waya ilikuwa imevikwa felti. Tembo na sufu vilikutana sebuleni kwa mtu, kila kimoja kikiwa na safari yake nyuma.

Simsingizii bibi huyu wa Giengen biashara ya pembe. Ninachosema ni kwamba miaka ni ile ile, na nchi ni ile ile. Sisi darasani Wajerumani wa miaka hiyo tunawajua kwa Karl Peters na mikataba yake ya mwaka 1884, kwa viboko, kwa kunyongwa kwa Abushiri mwaka 1889. Ni sawa tuwajue hivyo. Mwaka 1907 kusini mwa nchi hii watu walikuwa wanazika wafu wa Maji Maji na wa njaa iliyofuata. Mwaka huo huo kiwanda cha Giengen kilitengeneza dubu wapatao 974,000.

Dubu wametoka wapi tena? Ni kazi ya Richard, mtoto wa Fritz. Alisomea sanaa Stuttgart na alikuwa akienda bustani ya wanyama kuwachora. Mwaka 1902 alibuni dubu wa manyoya ya mbuzi wa Angora, mwenye mikono na miguu ya kuzunguka. Mwaka 1903 dubu huyo alipelekwa kwenye maonyesho ya Leipzig, na simulizi ya kampuni inasema Mmarekani mmoja aliagiza 3,000.

Kwa nini Mmarekani? Kwa sababu ya Theodore Roosevelt. Mwezi Novemba 1902 rais huyo alikwenda kuwinda Mississippi, akakosa dubu. Kiongozi wa msafara, Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, akamkamata dubu mmoja, akampiga na kumfunga kwenye mti ili mkubwa apige risasi. Roosevelt akakataa, akasema si uungwana. Mchoraji Clifford Berryman akachora katuni kwenye gazeti la Washington Post, nchi nzima ikampenda rais mwenye huruma. Kisichosemwa sana ni kwamba Roosevelt aliagiza dubu yule auawe kwa kisu, amalize mateso yake. Huko Brooklyn, Morris Michtom na mkewe Rose wakashona dubu wao wakamwita kwa jina la rais. Ndiyo maana hadi leo tunasema "teddy bear".

Roosevelt alipotoka madarakani alipanda meli ya Admiral ya kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, akashuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909. Aliingia bara na wapagazi zaidi ya 200, ambao inasimuliwa walimbandika jina la Bwana Tumbo. Katika safari ile yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, wakiwamo tembo 11. Wengi walipelekwa makumbusho ya Smithsonian, Washington. Siku 18 baada ya Roosevelt kukanyaga Mombasa, tarehe 9 Mei 1909, Margarete Steiff alifariki Giengen kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 61.

Kwa hiyo mtu aliyeua tembo wetu jina lake limebaki kwenye kila mwanasesere wa dubu duniani, kwa sababu ya dubu mmoja ambaye hakumpiga yeye mwenyewe. Aliyeshona tembo anajulikana na wachache. Wakusanyaji wa wanasesere wanamjua, Wajerumani wanamjua. Ukiuliza hapa mjini, hata kwa waliosoma, utaambiwa Roosevelt.

Lakini si hilo tu linaloniuma. Mimi ni mwandishi wa habari, na najua sisi tunavyoandika kuhusu watu wenye ulemavu. Mheshimiwa anakabidhi viti vya magurudumu, tunakwenda. Picha: mheshimiwa katikati, amevaa shati safi, mkono wake juu ya kiti. Aliyekaa kwenye kiti hatuandiki jina lake, wala kazi anayoifanya, wala anayoitaka. Mhariri anataka machozi kidogo aya ya kwanza na shukrani aya ya mwisho. Habari imeisha, tunarudi mjini.

Jaribu kumwandika Margarete kwa mtindo huo uone. Utamwacha pale kwenye kigari, akivutwa na watoto. Hutafika kwenye mambo yenyewe: kwamba aliweka hesabu za biashara, kwamba alichunguza mwenyewe mfano wa kila mnyama kabla haujauzwa, kwamba kufikia mwaka 1907 kulikuwa na watu 400 kiwandani na wengine 1,800 wakishona majumbani kwao, wengi wao wanawake. Jengo la kiwanda lililojengwa mwaka 1903, la chuma na vioo ili mwanga uingie, liliwekewa njia ya mteremko ili kiti chake kipande hadi juu. Ni mambo mawili tu: cherehani iliyogeuzwa na mteremko badala ya ngazi. Hesabu majengo ya ghorofa yanayopanda hapa mjini, halafu hesabu yenye mteremko.

Na tusidhani ni mambo ya Ulaya tu. Iringa kuna karakana ya Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliokuwa wakitengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo. Ndiyo, tembo tena! Kutoka hapo ikakua, wakaingia ufumaji, ushonaji, shanga na mgahawa, na kazi ikawafikia watu wengi wenye ulemavu wa aina mbalimbali. Polio nayo imesukumwa mbali: tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ya asili. Waliougua kabla ya hapo bado wako nasi, na wanahitaji kazi kuliko wanavyohitaji kupigwa picha.

Haya, nimewachosha. Mwenye kutaka kumshona tembo huyo kwa ajili ya mti wake au dirisha lake, ni kazi ya jioni moja.

Felti ukiikosa dukani, nenda kwenye mitumba utafute sweta kuukuu la kijivu ambalo lebo yake inasema ni sufu tupu. La nailoni halifai, na lile lililoandikwa kwamba linafuliwa kwa mashine pia mara nyingi halikubali. Lifue kwa maji ya moto na sabuni, ulifikiche kwa nguvu, ulitumbukize kwenye maji baridi, urudie. Litasinyaa mpaka aliyelivaa zamani asilitambue. Likate pembeni kidogo. Kama halifumuki, tayari unayo felti.

Chora tembo wa ubavuni kwenye boksi, urefu kama wa kidole chako cha kati, mkonga ukiwa mnene kuliko unavyodhani, maana mwembamba hautajazika. Kata ubavu wa kulia na wa kushoto, na masikio mawili. Shona masikio na macho kwanza, kabla hujaunganisha, kwani baadaye sindano haitapata nafasi. Ushanga mdogo mweusi unatosha kwa jicho. Kisha weka mbavu mbili pamoja, sehemu nzuri nje, ushone kwa kuzungusha uzi kwenye ukingo, ukianzia tumboni na kuacha upenyo wa vidole viwili.

Ndani usiweke vitambaa vizito. Kama una mto wa zamani wa sufi, chota humo. Anza na mkonga, usukume taratibu kwa kitako cha penseli, halafu miguu, mwisho tumbo. Ziba upenyo. Pitisha utepe mgongoni, katikati, umwinue uone kama anainamia mbele. Akiinama, sogeza utepe kidogo kuelekea kichwani.

Na kama nyumbani kuna mtoto mdogo, mtundike chini, anapoweza kumfikia.